Kijiti Kinachojipima: Maoni Kuhusu Istilahi za Tiba kwa Joto, kwa Mfano wa Uluguru

Mijadala mingi kuhusu istilahi za sayansi katika Kiswahili imezoea kuanzia kwenye orodha: neno la Kiingereza upande wa kushoto, nafasi tupu upande wa kulia, na wataalamu wameketi kuijaza nafasi hiyo. Utaratibu huo umezaa matunda, na hakuna sababu ya kuubeza. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ni miongoni mwa matunda hayo. Hata hivyo, zipo dhana ambazo orodha huzipotosha kabla kazi yenyewe haijaanza, kwa kuwa jina la Kiingereza lenyewe lilizaliwa kwa bahati mbaya, au kwa kuwa neno la Kiswahili linaloelekea kuifaa dhana hiyo limekwisha kubeba mizigo mingine. Makala haya yanachukua mfano mmoja wa aina hiyo: kijiti chembamba cha kitabibu ambacho hutibu kwa joto na, wakati huohuo, hujipima joto lake chenyewe.

Kifaa hiki si cha kufikirika. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini Tanzania, nayo ina sifa moja ya kutia matumaini: kabla haijawa saratani hupita miaka mingi ikiwa ni mabadiliko tu ya juujuu ya ngozi laini, mabadiliko ambayo muuguzi aliyefunzwa anaweza kuyaona kwa kupaka asidi hafifu ya siki na kuangalia sehemu inayogeuka nyeupe. Sehemu hiyo ikiharibiwa mapema, ugonjwa haufiki. Kwa miaka mingi njia iliyotumika katika vituo vya Afrika Mashariki ilikuwa ya baridi kali, inayotegemea gesi iliyoshindiliwa ndani ya mtungi mzito wa chuma. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutumia joto badala ya baridi: kichwa cha chuma chenye joto la nyuzi 100 hivi za Selsiasi huwekwa juu ya sehemu husika kwa muda wa nusu dakika au chini kidogo. Utafiti uliofanyika Lusaka, Zambia, na kuchapishwa mwaka 2020, ulilinganisha njia hizo na kuona kwamba baada ya miezi sita ile ya joto haikuzidiwa na ile ya baridi.

Faida ya mabadiliko hayo huonekana vizuri zaidi mtu akiuacha mji wa Morogoro na kupanda. Mji umelala chini kabisa ya safu ya Uluguru, kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hospitali ya rufaa ya mkoa iko hapo. Lakini wanawake wanaohitaji huduma wako pia Kinole, Tegetero, Matombo na Mgeta, kwenye miteremko ambayo mvua ya masika huigeuza barabara kuwa utelezi. Mtungi wa gesi unaokwisha Nyandira haujazwi Nyandira. Kijiti kinachotumia betri, kwa upande mwingine, huingia katika mfuko wa mgongoni na kupanda kwa pikipiki. Hapo ndipo suala la lugha linapozuka, kwa sababu kifaa kinapopanda mlima huwa kimewaacha nyuma mafundi na madaktari, na kinachobaki ni muuguzi mmoja, maelezo ya matumizi, na mama aliyekaa kwenye benchi akisubiri kuambiwa atafanywa nini.

Kabla ya kulijadili jina, ni lazima kueleza jinsi kifaa chenyewe kinavyofanya kazi, kwani istilahi isiyojua kazi ya kitu ni pambo tu. Kijiti kina mpini, shingo na kichwa. Shingo haina budi kuwa nyembamba ili ipite bila kumwumiza mgonjwa na bila kumziba muuguzi macho. Tena sharti ikingwe isipitishe joto, la sivyo itaunguza mahali pasipohusika. Ndani ya kichwa mna waya wa kupasha joto, na karibu kabisa na uso wake mna kiungo cha nyaya mbili za metali tofauti. Mjerumani Thomas Seebeck aligundua mwaka 1821 kwamba metali mbili zikiunganishwa, na ncha zao zikawa na joto lisilolingana, hutokea nguvu ndogo ya umeme. Nguvu hiyo ni hafifu mno, makumi machache ya sehemu za milioni za volti kwa kila nyuzi moja, lakini inatosha kukiambia kifaa lini kiongeze umeme na lini kikate. Kichwa kinapogusa nyama yenye majimaji, joto lake huporomoka mara moja. Kiungo huiona tofauti hiyo na kuamuru nyongeza.

Wembamba ndio unaoleta shida. Kichwa kinene huhifadhi joto jingi na hakishtuki kinapogusa kitu cha baridi. Kichwa chembamba hushtuka, kwa hiyo kipimo chake lazima kiwe chepesi wa kujibu. Nyaya nazo zikiwa nene mno, zenyewe huondoa joto kwenye kiungo na kukidanganya kifaa kwamba hakijafikia kiwango. Zikiwa nyembamba mno hukatika baada ya kusafishwa mara chache. Tena kiungo hakijui joto la ncha peke yake: kinajua tofauti tu kati ya ncha na upande wa pili wa nyaya, ambao uko mpinini. Ikiwa fundi amechukulia kuwa mpini una nyuzi 20, na kifaa kikatumika Morogoro mjini mwezi Februari mpini ukiwa na nyuzi 33, kijiti kitasoma kiasi cha nyuzi 87 wakati kichwa kimekwisha kufika 100, na kitaendelea kujiongezea moto. Kijiti hichohicho kikipelekwa Nyandira asubuhi ya Julai, mpini ukiwa na nyuzi 10, kitatangaza 100 kikiwa kingali kwenye 90, na mama atarudi nyumbani akiamini ametibiwa. Ndiyo maana kifaa kilichobuniwa vizuri hupima pia joto la mpini na kufanya hesabu ya kusahihisha. Mlima mmoja unatosha kuifichua kasoro ambayo maabara ya Ulaya yenye joto lisilobadilika ingeweza kuificha.

Maelezo hayo hayawezi kuandikwa kwa Kiswahili sahihi pasipo kutenganisha mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyaita yote 'joto': wingi wa joto unaoingia katika kitu, na kiwango cha joto ambacho kitu hicho kimefikia. Wanafizikia wa Kiswahili wamejitahidi. Wapo wanaotumia 'jotoridi', wapo wanaotumia 'halijoto', na watangazaji wa hali ya hewa hupendelea 'kiwango cha joto' au 'nyuzijoto'. Zahanati hazijui hata moja kati ya hizo. Huko mtoto 'ana joto thelathini na tisa', au mwili wake 'unachemka'. Ingekuwa rahisi kusema kwamba wananchi hawana dhana hiyo na kwamba wafundishwe. Lakini mpishi wa Nyandira anaijua dhana hiyo vizuri kuliko mwanafunzi aliyekariri kanuni. Kule juu, zaidi ya mita 1,500, maji huchemka yakiwa na nyuzi 95 hivi. Mpishi huyo anajua kwamba maharage hayaharakishwi na kuni. Akiongeza kuni chunguni, maji yatakauka upesi zaidi, mvuke utazidi, na maharage yatabaki magumu vilevile. Amezidisha joto pasipo kuipandisha halijoto. Dhana anayo, alichokosa ni neno, na huo ni upungufu wa wanaistilahi. Makala haya yanatumia 'halijoto' kwa sababu moja tu: linaunda maneno mengine kwa urahisi, na sehemu zake zote mbili zinaeleweka kwa msikilizaji wa mara ya kwanza. 'Jotoridi' linaunganisha joto na ubaridi kwa namna inayohitaji mwalimu.

Sasa tendo lenyewe. Neno linalotoka kinywani haraka kuliko yote ni 'kuchoma'. Lina ufupi, lina nguvu, kila mtu analijua, na kwa sababu hizo hizo halifai. Katika Kiswahili kuchoma ni kuunguza kwa moto, na pia ni kupenyeza kitu chenye ncha: nyama huchomwa, mwiba huchoma, na mgonjwa huchomwa sindano. Mahali pengine utata huo hauna madhara, kwa kuwa muktadha huutatua. Kwa kifaa hiki muktadha hausaidii hata kidogo. Vipo vijiti vya joto vyenye umbo la sindano, ambavyo hupenyezwa ndani ya ini au kiungo kingine ili kuua uvimbe. Vijiti hivyo huchoma kwa maana zote mbili. Na vipo vya mlango wa kizazi, ambavyo vina kichwa bapa na havipenyezwi popote. Huwekwa tu juu. Mama anayeambiwa 'tutakuchoma kidogo' hana njia ya kujua anaahidiwa sindano, moto au vyote viwili. Akikubali, amekubali asichokijua. Akiinuka na kwenda zake, amekataa asichokijua vilevile. Hapa istilahi si suala la umaridadi wa kamusi. Ni sehemu ya ridhaa ya mgonjwa.

Neno la pili, ambalo waganga wanalipendelea kwa sababu lina sura ya kitaalamu, ni 'kugandisha'. Nalo lina mtego wake, pengine mbaya zaidi. Maji huganda yakawa barafu, damu huganda, maziwa huganda. Lugha imeyaweka chini ya kitenzi kimoja mambo ambayo fizikia inayatenganisha: kuganda kwa baridi, na kushikamana kwa sababu nyingine, ikiwa ni pamoja na joto. Kwa hiyo njia ya gesi baridi ni kugandisha, na njia ya kijiti cha joto pia ni kugandisha. Kituo chenye vifaa vyote viwili, na vituo vya namna hiyo vimekuwapo katika kipindi cha mpito, kinaweza kuandika neno moja katika daftari kwa tiba mbili zilizo kinyume. Asili ya jina la kigeni haisaidii. Kifaa cha kwanza cha namna hii kilibuniwa na daktari Mjerumani Kurt Semm mwaka 1966, na jina lililoenea lilikuwa na maana ya 'kigandishaji baridi', ingawa kilifanya kazi kwenye nyuzi 100. Ubaridi huo ulikuwa wa kulinganisha: vyuma vya kuunguzia vilivyotumiwa na madaktari kabla yake vilipashwa hadi mamia ya nyuzi. Mfasiri mwaminifu wa orodha angetuletea 'kigandishi baridi', na muuguzi wa Matombo angekitafuta kitufe cha baridi asikione.

Yapo maneno mengine ambayo hayajapewa nafasi ya kutosha. 'Kuunguza' ni sahihi zaidi kuliko kuchoma, maana halina ncha ndani yake. Lakini kuunguza kuna harufu ya ajali na uzembe, kama wali uliounguzwa. 'Kubabua' ni kwa ngozi ya juu tu. Kwa upande wa sayansi neno linalokaribia ukweli kuliko yote ni 'kuivisha'. Ute wa yai unapowekwa kwenye kikaango hugeuka kutoka majimaji kuwa mweupe mgumu, na protini za mwili zikifikishwa kwenye nyuzi 60 hivi hupatwa na jambo hilohilo kwa muda mfupi sana. Zikipita 100, maji yaliyomo huchemka, nyama hukauka na kuwa mkaa, na mkaa huo huzuia joto lisiende ndani zaidi. Lengo la kijiti ni kuivisha bila kukaanga, na kipimo kilichomo ndani yake kipo kwa ajili hiyo. Pamoja na hayo yote, hakuna mwanamke anayestahili kuambiwa kwamba mlango wa kizazi chake utaivishwa. Vigezo vya istilahi vinavyofahamika kwa ufupisho PEGITOSCA, vilivyopendekezwa na Kiingi wa Uganda, vinataja pamoja na usahihi na ufupi kwamba istilahi isiwe ya kuchukiza adabu. Kigezo hicho huchekwa mara kwa mara na wanafunzi wanaokisoma, wakidhani kinahusu matusi ya waziwazi. Kinahusu pia hali kama hii.

Pendekezo linaloshikiliwa hapa ni 'tiba kwa joto', na kwa kitenzi, 'kutibu kwa joto'. Itasemwa kwamba ni pana mno. Ni kweli: kukanda kwa maji ya moto ni tiba kwa joto, na kujifukiza nyungu pia. Lakini upana huo ndio unaolipa neno uzito wake. Mwanamke wa Kiswahili, na mwanamke wa Kiluguru asiyepungukiwa na desturi ya namna hiyo, analijua joto linaloponya. Mzazi hukandwa baada ya kujifungua na wala haambiwi kwamba amechomwa. Tena Kiswahili kimeweka tofauti ya thamani kubwa kati ya 'moto' na 'joto', ambayo haihitaji kamati yoyote kuisanifu. Moto huangamiza, joto hukaa mwilini. Upana utapunguzwa na yale yanayofuata neno: mahali, kiwango na muda. 'Tutaitibu sehemu hii kwa joto, kwa muda usiofika dakika moja; utasikia joto na maumivu kama ya hedhi; halafu majimaji yatatoka kwa wiki kadhaa.' Sentensi hiyo haina istilahi hata moja ngumu, nayo inaeleza mengi kuliko jina lolote la neno moja. Katika daftari na katika mafunzo, pale tofauti inapotakiwa, iandikwe 'tiba kwa joto' na 'tiba kwa baridi', na kitenzi kuganda kiachiwe damu na barafu.

Kuhusu sehemu inayopima, neno 'kihisi' limekwisha kuenea katika maandishi ya teknolojia. Limelaumiwa kwa sababu kuhisi katika Kiswahili ni pia kudhani: anayehisi kwamba mvua itanyesha hajaipima. Inapendekezwa basi 'kipimajoto cha ndani'. Lawama hiyo ina nguvu kidogo kuliko inavyoonekana. Kiungo kilichomo kichwani hakilijui joto la nyama. Kinajua joto la chuma kilicho juu ya nyama. Milimita chache chini ya uso, mahali ambapo mabadiliko ya hatari yanaweza kujificha, halijoto ni ndogo zaidi, na damu inayopita huendelea kuipunguza. Yaliyo huko chini kifaa kinayakisia kutokana na yaliyo juu, kwa kutegemea muda. Neno 'kihisi' linakiri jambo hilo. 'Kipimajoto' kingemfanya muuguzi aamini kwamba tarakimu 100 kwenye kioo ni halijoto ya mgonjwa. Mara chache lugha humpa mwanaistilahi utata unaomfaa, ukipatikana, asiusahihishe.

Kuna kero ndogo nyingine ambayo inapita bila kusemwa. Tanzania kuna wanaosema 'mlango wa kizazi' na wanaosema 'shingo ya kizazi', wakati mwingine ndani ya kipeperushi kimoja. Kifaa nacho kina shingo. Maelezo yakisema kwamba kijiti kiingizwe 'hadi shingoni', msomaji ana haki ya kuuliza shingo ipi. Kwa sababu hiyo tu, ukiacha nyinginezo, 'mlango' ushinde katika maandishi yanayohusu chombo hiki.

Pingamizi lililo kubwa zaidi hutoka kwa wale wanaoona kazi yote hii haina maana. Wauguzi, wanasema, hufunzwa kwa Kiingereza, watakiita kifaa kwa jina lililochapwa kwenye sanduku, na mgonjwa ataambiwa kwa maneno yoyote yatakayopatikana. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli, na hakuna ubaya mkubwa ndani yake. Jina la sanduku litatoholewa kama yalivyotoholewa mengine, na kijiti kinaweza kuitwa 'probu' pasipo Kiswahili kuanguka. Sehemu ya pili ndiyo isiyokubalika. Maneno yatakayopatikana ni kuchoma na kugandisha, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyo karibu. Yatavuka kutoka benchi hadi nyumbani, kutoka nyumbani hadi kwa shangazi na kwa majirani. Na katika jamii ambayo ukoo hufuata upande wa mama, kama ilivyo kwa Waluguru, neno la wanawake wazee kuhusu tiba ya uzazi si neno dogo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba kufikia 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa na asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo watibiwe. Asilimia hizo hazifikiwi na watu waliosikia kwamba juu ya kilima kuna mashine inayochoma kizazi.

Kinachohitajika si kamusi nyingine kwanza. TATAKI, iliyorithi kazi ya TUKI mwaka 2009, na BAKITA wana uzoefu wa kusanifu. Wasichokuwa nacho ni masikio kwenye benchi. Mwanafunzi wa shahada ya pili anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kukaa miezi mitatu kati ya Morogoro mjini na Mgeta, kwa idhini ya vituo na ya wanawake wenyewe, akaandika maneno wanayoyatumia kabla ya tiba na yale wanayoyatumia baada yake, pamoja na maneno ya Kiluguru ambayo Kiswahili cha zahanati huyafunika. Huenda akakuta kwamba 'tiba kwa joto' halitamkwi na mtu yeyote, na kwamba mama mmoja wa Kinole amekwisha kubuni neno lililo bora. Likitokea hilo, pendekezo la makala haya lifutwe, na neno lake liingizwe.